Mabati ya Jukwaa Kuu

Jumatatu, saa kumi alasiri.

Chumba cha nyuma cha duka la Maftah kilinuka mafuta ya taa na chumvi ya mawe. Dirisha lilikuwa moja, limezibwa kwa gunia. Wanaume wanne. Mmoja amechuchumaa na chaki mkononi, watatu wamekaa juu ya magunia.

Mwenye chaki alikuwa Nyangwine. Alichora yai kubwa sakafuni, akalikata katikati.

"Uwanja," alisema. "Sikilizeni vizuri. Sirudii."

Filemoni alikuwa dereva wa lori la idara ya ujenzi. Alikaa karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua kama ameingia. Pembeni yake alikaa Heche, mdogo wake, amenyoosha miguu, anatabasamu.

"Hapa Mwingereza alifungia ng'ombe wagonjwa," Nyangwine alisema. "Karantini. Ng'ombe walipokwisha, polisi wake wakaja kucheza mpira juu ya mavi yao. Mwaka wa Uhuru watu walicheza ngoma hapa siku tatu. Sitini na nane tukaambiwa tujenge. Mpira, riadha, gwaride, mikutano, maonyesho ya mifugo, vyote mahali pamoja. Kila kijiji kipande chake cha ukuta. Susuni huku. Nkende huku. Kemambo huku, nyuma ya goli la chini."

"Tunajua," alisema Heche. "Mama alibeba mawe ya ukuta huo."

"Hujui kitu. Wewe ulikuwa unafukuza mpira wa matambara. Mimi nilikuwa msimamizi." Nyangwine akagonga chaki kwenye mstari wa Kemambo. "Kipande hiki hakina saruji. Ni mawe na udongo, na chokaa kwa nje. Saruji yake iliota miguu."

Maftah alicheka taratibu. "Ikaota miguu ikapita dukani kwangu."

"Mbao za viti vya jukwaa je?"

"Nazo zilipita."

"Basi," alisema Nyangwine. "Uwanja huu nimeujenga mara moja nikauiba mara mbili. Jumatano ni mara ya tatu."

Mabati yalikuwa chini ya jukwaa kuu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mafungu ishirini. Kila kaya ya wilaya ilitoa debe la mahindi ili yanunuliwe. Yalitakiwa yawe juu ya jukwaa kabla ya Saba Saba, siku tano baada ya hiyo Jumatano. Miaka saba wazee na wajawazito walikuwa wamekaa kwenye jukwaa lile jua likiwachoma utosini. Mwaka uliopita mama mmoja wa Nkende alianguka katikati ya hotuba, akabebwa kwa kanga yake mwenyewe.

Sirari, mpakani, mtu alikuwa anayasubiri.

"Walinzi ni wawili mchana," Nyangwine aliendelea. "Method, mgambo, ana bunduki na anajua kusoma. Na Mzee Machage, ana rungu na hajui kusoma. Tunawaondoa bila kuwagusa."

"Kwa njia gani?" aliuliza Filemoni.

Nyangwine alimtazama Heche. Heche akaacha kutabasamu.

"Kwa yowe," alisema Nyangwine.

Nje, Rukaya, mke wa Maftah, alikuwa anampimia mtu sukari na kumwambia hakuna chenji.

"Saa saba na dakika kumi," alisema Nyangwine, "Heche atakuwa ng'ambo ya Nkende, kwenye njia ya kwenda Kemambo. Atapiga yowe la wizi wa ng'ombe. Mara tatu. Kisha anateremka bondeni anapotea. Kila mwanamume mwenye miguu atakimbilia huko. Method atakimbia. Machage atakimbia. Sisi tunavunja ukuta, tunapakia, tunashika barabara ya Sirari."

"Yowe la uongo ni kifo," alisema Filemoni.

"Kwa anayekamatwa."

"Mwaka juzi Susuni walipigiwa la uongo. Wanaume walipotoka, nyumba saba zikachomwa nyuma yao. Watu hawajasahau. Wakimshika..."

"Kaka," alisema Heche. "Nani wa kunishika mimi?"

Filemoni alikuwa amekuja kwa sababu ya mdogo wake tu. Heche alikwisha kukubali kabla yake. Mama yao, Robi, alihamishiwa kijiji kipya mwaka mmoja uliopita, akaacha nyumba yake nzima, akapewa kiwanja chenye vijiti vinne. Aliezeka nyasi. Masika nyasi zikavuja mpaka kitandani. Nyangwine alimwahidi Heche fungu moja. Bati kumi. Paa la mama.

"Mwangalie mdogo wako," mama alikuwa amemwambia Filemoni. Hakusema zaidi. Hakuwa anajua lolote.

"Bila lori lako hatuendi," Nyangwine alimwambia. "Sema sasa."

"Na nikisema hapana?"

"Tutatafuta lori jingine. Heche ataenda vilevile."

Heche aliangalia pembeni.

"Ndiyo," alisema Filemoni.

Jumatano, saa sita na nusu mchana.

Watoto wa shule walimaliza mazoezi ya halaiki wakatawanyika. Uwanja ukabaki mtupu. Mistari ya chokaa ilikuwa imechorwa upya asubuhi, myeupe sana. Karibu na goli la chini mtoto alisahau kiatu kimoja cha raba.

Filemoni aliegesha lori nyuma ya ukuta wa Kemambo, kwenye kichaka cha minyaa. Akafungua boneti, kama gari limechemka. Akajifanya anakagua betri.

Maftah alikuwa ndani ya kebini, anajifuta jasho kwa kofia yake. Nyangwine alikaa katikati, barua mfukoni. Barua ilikuwa na mhuri. Ilisema mabati yahamishwe. Ilikuwa ya kuwaonyesha polisi wa kizuizi cha barabarani.

Saa saba kamili. Maftah aliuliza saa. Saa saba na dakika tatu. Akauliza tena.

"Ukiuliza tena nakushusha," alisema Nyangwine.

Saa saba na dakika kumi na moja.

Likaja.

Lilitoka mbali, jembamba, likapanda, likakatika, likapanda tena. Filemoni aliijua sauti ile tangu ilipokuwa inalilia maziwa. Hakujua kwamba ingeweza kuwa kubwa hivyo. Alijua ni uongo. Alikuwa amekaa chumba kimoja na uongo huo. Hata hivyo mguu wake ulishuka kutoka kwenye ngazi ya lori na kupiga hatua mbili kuelekea sauti.

Nyangwine alimshika shati. "Wapi?"

"Sijui."

Upande wa pili wa ukuta walisikia Method akipiga kelele, halafu buti zake. Halafu Mzee Machage, polepole zaidi, anahema, anakimbia. Mji mzima ulifunguka. Fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka. Karani alitoka na mkuki uliokuwa nyuma ya kabati la mafaili. Mwanamke mmoja wa sokoni alilipokea yowe kwa ukelele mkali, mwingine akalipokea kwake, na mlima wa pili ukaitika.

"Linapokewa," alisema Filemoni.

"Washa gari."

"Linaenda mbali kuliko ulivyosema."

"Funga boneti, washa gari!"

Saa saba na dakika kumi na nane.

Bampa liligusa ukuta wa Kemambo mara mbili. Mara ya tatu ukuta ulikaa chini wenyewe, bila kishindo. Vumbi la chokaa lilijaa kebini. Lori lilikata mistari myeupe katikati, likasimama mbele ya jukwaa kuu. Filemoni aliangalia nyuma, akaona alama za matairi yake juu ya uwanja, nyeusi, ndefu.

Kufuli ilivunjika kwa nyundo moja.

Walibeba wawili wawili. Mabati yaliwaka jua, yakakata viganja. Maftah alilalamika kila fungu. Kwenye kila fungu kulikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono jina la kijiji. Filemoni alijaribu kutosoma. Alisoma yote.

Saa saba na dakika arobaini na tano.

"Yote?" aliuliza Nyangwine.

"Yote."

"Twende."

Barabara ya Sirari ilikuwa tupu. Nyumba zilikuwa na milango wazi na hakuna mtu. Chungu kilikuwa kinachemka peke yake mbele ya nyumba moja. Kwa mara ya kwanza Filemoni alipumua. Heche atakuwa bondeni sasa. Atapita mtoni. Jioni atafika kwa mama, atakuta chakula.

"Nimewaambia," alisema Nyangwine. Alianza kuimba kidogo.

Saa nane kasoro dakika tano walipita kona, na wakakuta watu.

Hawakuwa kumi. Hawakuwa hamsini. Walijaza barabara kutoka mtaro mpaka mtaro, wanakuja mbio, mikuki, mapanga, pinde, wengine kifua wazi. Yowe lilikuwa limewafikia mlima kwa mlima, kwa haraka kuliko lori, likiwa bado la moto. Walipoliona lori walifurahi. Walinyoosha mikono.

"Usisimame," alisema Nyangwine.

"Nitawaponda."

"Usisimame!"

Filemoni akakanyaga breki.

Mwanamume mrefu mwenye kovu shavuni aliruka kwenye ngazi, akaingiza kichwa dirishani. "Geuza gari, kijana. Ng'ombe wamechukuliwa njia ya Kemambo."

"Ndugu, hii ni mali ya serikali," alisema Nyangwine. "Tuna barua."

"Na ng'ombe ni mali ya shangazi yako?"

Watu walicheka. Tayari walikuwa wanapanda. Mabati yalilia juu ya vichwa vyao, miguu mingi, kama mvua ya mawe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Yowe likipigwa, gari lolote barabarani ni gari la yowe. Filemoni mwenyewe aliwahi kuwabeba hivyo mara mbili, na hakuna aliyemuuliza amebeba nini. Nyangwine alifikiria walinzi, kufuli na polisi wa kizuizi. Hili hakulifikiria, kwa sababu maisha yake yote alikuwa miongoni mwa wanaopanda.

"Mbona mnaenda kaskazini na yowe liko kusini?" aliuliza mwenye kovu. Hakuwa anatania tena.

"Hatukusikia," alisema Nyangwine. "Injini."

"Sasa mmesikia."

Maftah alifungua mlango wa pili. "Nyie pandeni, wajomba, mimi nawapisha. Mimi mtu wa duka, nina pumu."

"Pumu!" mmoja alipiga kelele kutoka juu. "Wakati wa kula nyama ya ng'ombe waliookolewa pumu inapona?"

Maftah alicheka pamoja nao, akavuka mtaro, akaingia kwenye shamba la migomba. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nyangwine alimfuata kwa macho mpaka kofia yake ikapotea.

"Geuza," alisema mwenye kovu.

Filemoni akageuza.

Saa nane na robo walipita tena mjini. Watu wa juu walikuwa wanaimba na kupiga mabati kwa ngumi. Walipofika uwanjani waliona pengo ukutani na mawe yaliyolala.

"Kemambo!" mtu alipaza sauti. "Ukuta wenu umelala tena!"

Kicheko kikubwa. Nyangwine naye alicheka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Sikiliza," alimnong'oneza Filemoni. "Heche hayupo huko. Watafika, watakuta patupu, watatafuta nyayo, watachoka. Tutaendelea na safari. Umenielewa?"

"Hayupo huko," alisema Filemoni. Alirudia moyoni. Hayupo, hayupo. Alibadilisha gia kwa kila hayupo.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

Alikuwepo.

Alikuwa amesimama kwenye shamba la ulezi, katikati ya duara la watu, shati limechanika. Mwanamke mwenye kisu cha kuvunia alikuwa bado amemshika ukosi.

Mwanamke huyo alikuwa anaeleza, kwa mara ya tatu au ya nne, kwa kila kundi lililofika. "Tulikuwa tisa. Tumeinama tunavuna. Huyu akaja akasimama pale kwenye jiwe, akaangalia huku na huku, hakutuona. Akapiga. Mara tatu. Tukainuka. Tukamuuliza, ng'ombe wa nani? Akataka kukimbia. Mimi ni Wegesa, nimezaa sita, hanishindi mbio mtu anayeogopa."

Hakuna aliyecheka.

Mzee Machage alikuwa mbele ya Heche, ameegemea rungu lake, kifua bado kinapanda na kushuka. Mlinzi wa uwanja. Lakini hapa hakuwa mlinzi, alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote waliofika, na neno lilikuwa lake.

"Nyayo ziko wapi, mwanangu?"

Heche alitazama chini.

"Ng'ombe ana kwato. Nionyeshe kwato moja nikuombee."

Mzee alisogea hatua moja.

"Umetumwa na nani?"

Heche aliinua macho. Yalipita kwenye lori. Yalipita juu ya Nyangwine, juu ya mabati, yakafika kwa kaka yake, na hayakusimama. Yaliendelea mpaka mlimani.

"Nimejituma," alisema.

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye ulezi. Mtu wa Susuni alianza kulia kwa hasira. Alikuwa na nyumba mwaka juzi.

Machage aligeuka, akaliona lori. Alitazama mzigo kwa muda mrefu. "Nyangwine. Haya si mabati ya jukwaa?"

"Ndiyo, tata, baba." Nyangwine alikuwa amekwisha kushuka, barua mkononi, imefunguliwa. "Agizo la bomani. Yahamishwe kabla hayajaibiwa. Na tumeacha uwanja wazi sababu ya mjinga huyu. Mhuri huu hapa."

Mzee aliushika mhuri, akaugusa kwa kidole gumba, akarudisha karatasi. Method alikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, bado anatafuta nyayo.

"Na huyu kijana unamjua?" aliuliza Machage.

Filemoni alimtazama Nyangwine. Alimtazama kwa nguvu zake zote.

"Namjua," alisema Nyangwine. "Mwizi wa siku nyingi. Na bahati nzuri ndugu yake tumbo moja yupo hapa. Dereva."

Duara likafunguka. Nyuso zote ziligeuka. Mwenye kovu aliondoa mkono wake begani mwa Filemoni, taratibu.

"Shuka, mwanangu," alisema Machage. Sauti yake ilikuwa ya huruma, na hilo ndilo lililomtisha Filemoni zaidi. "Unajua ilivyo. Mtu wa nyumba yake ndiye huanza kumpiga. Akianza mwingine kesho mtatudai damu, na watoto wetu watauana miaka ishirini. Ukianza wewe, limekwisha hapa. Mama yenu hatasumbuliwa."

"Tata, nisikilize," alisema Filemoni akishuka. "Hakujituma. Tulikuwa wanne. Yowe lilikuwa la kuwatoa nyinyi uwanjani. Mabati haya tumeyaiba. Mimi ndiye niliyevunja ukuta. Barua ni ya uongo. Nikamateni na mimi."

Alisema yote hayo kwa sauti ambayo alidhani ni kubwa. Ilitoka kama ya mtu mwenye homa.

Nyangwine alitikisa kichwa. "Mnaona? Uchungu wa ndugu. Atasema hata mlima ameuiba yeye."

"Ni kweli!" Filemoni alimshika Machage mkono. "Nenda kaangalie kufuli. Tata, nakuapia."

"Mimi nilimzika mdogo wangu," alisema Machage. "Najua. Ningesema hivyo hivyo." Alivitoa vidole vya Filemoni mkononi mwake kimoja kimoja, kwa upole. "Msimlaumu huyu. Mpeni fimbo."

"Maftah muulizeni! Alikuwa kwenye gari, mmemwona!"

"Yule wa pumu?" alisema mwenye kovu. "Mwacheni na yeye, maskini."

"Tata," alisema Nyangwine, "mali ya watu isilale porini. Niyafikishe bomani, nirudi."

"Nenda."

Ufunguo ulikuwa kwenye gari. Filemoni aliruka kulikimbilia. Wanaume wawili walimkumbatia kiunoni wakamrudisha, bila kumuumiza, kama mtu anavyozuiwa asiruke kaburini. Mtu mwingine alimwekea fimbo mkononi na kukunja vidole vyake juu yake. Ilikuwa fimbo ya mchungaji, nyepesi, imelainika kwa jasho la mtu mwingine.

Injini iliwaka nyuma yake.

Walimleta mpaka mbele ya Heche. Karibu hivi alimwona mdogo wake amejing'ata mdomo, na punje za ulezi zimenasa kwenye nywele zake. Alitaka kuzitoa. Mkono wake wa kushoto ulienda kuzitoa.

"Kaka," alisema Heche, kwa sauti ya chini, ya kwao wawili. "Wanasubiri."

"Nimewaambia. Hawanisikii."

"Nimesikia ulivyowaambia." Heche alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Ukikataa watatuchukua wote wawili. Nani atabaki na mama?"

"Heche."

"Anza wewe. Mkono wako naujua. Kichwani, kaka. Usinionee huruma, piga kichwani, nisiwasikie hawa wengine."

Lori liliingia gia ya pili, likapanda njia ya kurudi mjini, mabati yanagongana. Hakuna aliyegeuka kulitazama. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamenyamaza, wameshika fimbo zao chini, wanamngoja mwenye nyumba.

Filemoni aliinua mkono.